Kibuyu Nilichokionja Mimi Kwanza

Nimesoma mpaka darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanisahihisha njiani. Kusoma ninasoma, polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Kuandika nilijifundisha nikiwa mtu mzima, kwa kuandika kwenye magunia ya mawe, maana huko machimboni Mwakitolyo gunia lisilo na alama ya mwenyewe ni gunia la kila mtu. Nina mashimo mawili ya dhahabu, karasha la kusagia mawe, zizi la ng'ombe na nyumba ya bati, na sikurithi hata kimoja. Sasa nataka kuandika habari ya dada yangu na ugonjwa wa korona. Vitabu vya udaktari sijavisoma. Nilichokiona nimekiona kwa macho haya, na mpaka leo nikikaa peke yangu nakishangaa.

Ugonjwa ulinipata mara ya kwanza wakati wa mvua, kabla sindano hazijafika nchini. Uliingia kwa njia ya ajabu. Asubuhi niliingia zizini kama kawaida, nikasimama katikati ya ng'ombe, nikaona kuna kitu kimepungua. Nikawahesabu. Wapo wote. Nikawahesabu tena. Kumbe kilichopungua ni harufu. Nimekanyaga samadi mbichi mpaka kwenye kifundo cha mguu na pua yangu haina habari! Nilimwita mke wangu, nikamwambia anuse. Akaniambia, "Baba, zizi linanuka kama siku zote. Wewe ndiye umeharibika."

Nikaharibika kweli. Siku ya nne nilikuwa siwezi kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nimewahi kushuka kwenye duara, shimo letu la dhahabu, hewa ikakata tukiwa chini kabisa, nikavutwa kwa kamba ulimi ukiwa nje. Lakini kule chini hewa haipo, na mtu unaelewa. Hapa nilikuwa nimelala kitandani kwangu, dirisha wazi, upepo wa mvua unapuliza mpaka pazia linanigusa uso, hewa imejaa chumba kizima, na haitaki kuingia kifuani. Mke wangu alichemsha majani ya mwarobaini na mchaichai, akanifunika blanketi, nikajifukiza mpaka ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya kumi na mbili nilisikia harufu ya moshi wa kuni. Nililia. Mzee wa umri wangu, na vumbi lote la mawe nililolimeza maishani, nililia kwa sababu ya moshi wa kuni.

Wenzangu wawili wa rika langu pale machimboni hawakuusikia moshi wao. Tuliwazika ndani ya wiki moja.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwenye karasha langu nikiwa na fimbo. Vijana wakazima mashine.

"Shikamoo Mzee. Sisi tulishajua umekwenda."

"Marahaba. Mlishagawana mashimo?"

"Bado Mzee, tulikuwa tunabishana nani achukue lile refu."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikawaambia maneno ambayo nilikuja kuyarudia kila mahali, na ambayo yalinigharimu. Nikasema, "Nitieni hereni sikioni. Mimi sasa ni ng'ombe aliyepona ndigana."

Wafugaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini nieleze kwa wengine. Ndigana kali ni ugonjwa wa kupe. Unaua ndama na ng'ombe wakubwa, wanavimba tezi, mapafu yanajaa maji, wanakufa povu likiwa puani. Lakini ng'ombe akiupata akapona, ndio basi. Kupe watamkaa, homa haitamlaza tena. Siku hizi wataalamu wa mifugo wanawachanja kwa kuwatia ugonjwa wenyewe kidogo na dawa papo hapo, kisha wanawatia hereni sikioni, na mnadani ng'ombe mwenye hereni hiyo anagombaniwa. Mimi nimeishi na elimu hiyo tangu nikiwa mchungaji wa ndama. Haijawahi kunidanganya. Kwa hiyo nilipopona korona, hesabu yangu ilikuwa imefungwa: nimeugua, nimepona, nimemaliza.

Dada yangu anakaa Nyahanga, Kahama mjini, pamoja na binti yake mjane. Ananizidi karibu miaka kumi. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nanyonya, na dada ndiye aliyenifunga mgongoni kwa ngozi ya mbuzi na kunizungusha malishoni nyuma ya ndama. Alinitafunia ugali wa mtama akanitia mdomoni kwa kidole. Leo watu wananiita tajiri, yeye ananiita "mdogo wangu" kwa sauti ile ile ya kuniambia nijipanguse pua. Shule hakuiona hata mlango wake. Mimi simuogopi mtu yeyote tangu hapa mpaka Geita, ila huyo.

Sindano zilipofika nchini, wazee walitangulizwa. Dada akanipigia simu.

"Nimeshachomwa."

"Umechomwa na nini tena dada, mwiba?"

"Sindano ya korona, mjinga wewe. Tumekwenda wanawake wote wa jumuiya. Inauma kama siafu, basi. Na wewe nenda."

"Mimi nimeshaugua, dada. Mwili wangu umeshasoma."

"Umesoma nini? Hata darasa la pili hukumaliza."

"Mimi ni ng'ombe aliyepona ndigana."

"Ng'ombe wewe ni kweli," akasema, akakata simu.

Siku hizo maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema aliyechomwa hatamaliza miaka miwili, wengine wakasema anabadilika akili. Sikuyaamini, na sikuyakataa vilevile. Nilikuwa nampigia dada kila baada ya siku mbili kusikia kama akili bado anazo. Alikuwa nazo zote, na alizitumia kunitukana.

Mvua zikarudi mwishoni mwa mwaka ule. Machimboni watu wakaanza mafua. Kila aliyepita alikuwa anapenga kamasi, na kila mmoja alisema ni mvua. Mimi nikapata koo la kuwasha na kikohozi kikavu, siku mbili tu, na harufu ya samadi naisikia vizuri kabisa. Nikasema ni vumbi la karasha. Nikajaza kibuyu cha maziwa ya mgando, nikapakia na gunia la michembe, viazi vyetu vya kukausha, nikawasha pikapu kwenda Nyahanga kumsalimia dada kabla ya sikukuu.

Nilimkuta chumbani, mvua inapiga bati, madirisha yamefungwa. Nikachuchumaa nikamwamkia. Binti yake akaleta kigoda. Nikafungua kibuyu.

Kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni wake au mwenyeji wake. Tunaita kutoa sumu. Unakunywa funda mbele ya macho yake, unameza, unangoja kidogo, ndipo unampa. Maana yake: kama kuna kibaya humu, kimeanza na mimi. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa pombe, kwa maziwa, kwa maji. Nikakiinua kile kibuyu, nikanywa funda kubwa, nikajifuta mdomo kwa kiganja, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Dada alinitazama. Akaushika ule mdomo wa kibuyu, akaupangusa kidogo kwa kidole gumba, akanywa.

"Unakohoa," akasema.

"Vumbi la karasha."

"Mvua yote hii, vumbi linatoka wapi?"

"Dada, vumbi langu ni la miaka arobaini. Halijui mvua."

Akacheka, akanywa tena. Nilikaa siku mbili katika chumba kile, tunakula sinia moja, tunasimuliana habari za marehemu. Nikarudi kwangu nimepona kabisa. Kikohozi kilikuwa kimekwisha njiani.

Siku ya tano binti yake akapiga simu. Alikuwa anajikaza asilie, nikamsikia anavyojikaza.

"Mjomba, shikamoo. Mama hanyanyuki. Anasema anasikia baridi ndani ya mifupa. Anapumua kama ametoka kukimbia."

Sikumbuki nilivyoendesha. Nakumbuka tu kwamba barabarani kuna ng'ombe walivuka, kundi refu, na mimi ambaye nawapenda ng'ombe niliwapigia honi kama mwendawazimu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wajukuu zangu, barakoa imemfunika uso amebaki macho. Alimpima dada kwa kijiti cha pamba puani. Halafu akanitazama mimi.

"Babu, na wewe ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye siku mbili. Lakini mimi sihusiki, nilishaugua."

"Kaa hapa nikupime."

Akaingiza kile kijiti mpaka nikadhani anatafuta dhahabu. Tulingoja. Akarudi na vipimo viwili vidogo kama vipande vya sabuni, akaviweka kwenye trei. Vyote vilikuwa na mistari miwili.

"Bibi ana korona," akasema. "Na wewe Babu unayo, au umetoka kuwa nayo siku hizi hizi."

Nikamwambia haiwezekani. Nikasimama kabisa, na sauti yangu ikapanda, mpaka muuguzi akachungulia. Nikasema, mwanangu, mimi nimechunga ng'ombe kabla baba yako hajazaliwa. Ng'ombe aliyepona ndigana hashikwi tena! Niligaagaa siku kumi na mbili, nikapona, nimemaliza!

Hakunikatiza. Alinitazama tu mpaka nikamaliza. Akauliza, "Kwenu mna ng'ombe, Babu?"

"Wapo."

"Kwetu pia wapo. Nimekulia zizini." Akavuta kiti. "Miguu na midomo unaijua?"

Nani asiyeijua? Ng'ombe anadondosha mate kama kamba, kwato zinaachana, malishoni haendi.

"Kundi lako likiugua miguu na midomo mwaka huu likapona, umemaliza?"

Nikaketi tena. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Miguu na midomo hurudi. Ina sura nyingi, leo inakuja na hii, kesho na ile, na ng'ombe aliyeijua ya kwanza anaweza kupigwa na ya pili. Ndiyo maana chanjo yake bwana mifugo anairudia na kuirudia, na sisi tunamnung'unikia.

"Hii si ndigana, Babu," akasema yule binti. "Ulichagua ng'ombe sahihi, ukakosea ugonjwa."

Nimeanguka kwenye duara mara moja, mita nyingi, nikadakwa na tope. Maneno yale yaliniangusha zaidi. Maana nilielewa yote kwa mpigo mmoja, hakuna aliyehitaji kunirudia. Ugonjwa ulikuwa umebadili ngozi ukaja tena. Mwili wangu uliutambua nusu nusu, ukaufukuza kwa kikohozi cha siku mbili, na mimi nikaona ni vumbi. Lakini wakati mwili wangu unaufukuza, nilikuwa nimeubeba. Nikaupakia kwenye pikapu pamoja na michembe. Nikaufikisha Nyahanga. Nikauonja kwanza, mbele ya macho ya mtu aliyenitafunia ugali, nikasema kwa mkono wangu kwamba humu hamna sumu.

Nikamuuliza daktari, "Ni kibuyu?"

Hakujua nazungumzia nini. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Zaidi ni pumzi, Babu. Chumba kimefungwa, siku mbili, mnaongea uso kwa uso. Kibuyu kingekuwa peke yake nisingekilaumu sana."

Alinihurumia. Mimi kibuyu nilikilaumu, na bado nakilaumu.

Walimlaza dada kwenye kitanda cha dirishani. Mimi sikuruhusiwa kuingia wodini na mistari yangu miwili, nikapewa barakoa na nikaonyeshwa mlango. Nikazunguka nje, nikapata mahali chini ya dirisha lake, juani, karibu na bomba la maji. Vioo vya dirisha lile ni vya kupandana, vikifunguliwa nilimwona dada kwa vipande: kipande cha kanga, kipande cha shavu, mkono. Kwenye kidole walimbana kidude chenye taa nyekundu kinachoonyesha kiasi cha hewa kwenye damu. Binti yake alikuwa ananisomea namba kupitia dirishani. Tisini na nne. Tisini na tatu. Siku ya pili tisini na moja. Siku ya tatu mchana akanyamaza.

"Sema," nikamwambia.

"Themanini na nane, Mjomba."

Wakamletea mtungi wa hewa. Nilisikia unavyopuliza. Nilikaa chini kwenye saruji, mzee mzima na suruali yangu ya kutokea mjini, nikaweka kichwa magotini. Nimezika watu wengi. Machimbo yanazikisha. Lakini wote waliokufa kwangu walikufa kwa jiwe, kwa kamba, kwa tamaa yao wenyewe. Huyu angekufa kwa ubishi wangu.

Daktari alipita kwenda kunawa mikono pale bombani, akanikuta. Akachuchumaa mbali kidogo.

"Babu, kunywa maji."

"Niambie ukweli. Anaondoka?"

"Sijui bado. Ana umri mkubwa, na wazee miili yao huchelewa kushtuka. Lakini yule bibi hakuingia hapa mikono mitupu. Sindano aliyochomwa ilishamwonyesha mwili wake sura ya huyu adui. Kumtambua unamtambua. Tunangoja uamke."

"Ilikuwa miezi mingi iliyopita ile sindano. Na ugonjwa umeshabadilika, umeniambia mwenyewe."

"Umebadilika, na nguvu ya sindano imepungua, hasa kwa umri wake. Ndiyo maana ameugua. Lakini kinachobaki ndani kinakwenda chini zaidi ya unavyodhani. Kinaweza kushindwa kuuzuia ugonjwa mlangoni, kikauzuia usifike chumbani."

"Na kama asingechomwa?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. "Kwa mtu mmoja siwezi kukuapia, Babu. Nitakuambia tu kwamba nimewapokea wazee kama yeye walioingia bila sindano, na nimewapokea walioingia nayo. Kama ni kuchagua wa kumtibu, namchagua huyu."

Akaondoka. Nikabaki natazama ule mkono kati ya vioo. Mkono mweusi, mkavu, mishipa imesimama kama mizizi. Na hapo ndipo mshangao ulinishika, pale pale kwenye saruji yenye jua kali, na haujaniachia. Nilifikiri: ndani ya mshipa ule, sasa hivi, kuna kazi inafanyika. Dada yangu hajui kusoma jina lake. Damu yake ilionyeshwa sura ya adui mara moja tu, kwa tone la dawa dogo kuliko chozi, ikaenda nayo kimya, ikapika uji, ikafua, ikaenda kanisani, miezi na miezi, na haikusahau. Sasa inaamka, inamtafuta adui aliyebadili nguo, inamkagua, inasema, wewe macho yako nayajua. Mimi karasha langu lina msimamizi, na msimamizi ana wa kumsimamia, na bado mawe yanapotea. Kule ndani hakuna msimamizi! Kazi inafanyika, na mwenyewe amelala.

Niliwahi kuvunja jiwe nikaona dhahabu imepita ndani kama uzi. Nilidhani sitaona kitu cha kunishangaza zaidi ya hapo.

Asubuhi ya siku ya nne binti yake akasema tisini. Jioni tisini na mbili. Siku ya tano wakauondoa mtungi, na nilipofika dirishani dada alikuwa amekalishwa na mito, anakunywa uji kwa kijiko, na kijiko anakishika mwenyewe.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile.

"Nani huyo amesimama hapo kama mwizi wa kuku?"

"Ni mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Hakuna wa kukupikia?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu siku ya tatu. Yote yakakimbia. Nikashika chuma cha dirisha, nikasema, "Dada, ni mimi niliyekuletea. Sikuwa na vumbi. Niliugua, sikujua, nikakuonjea kibuyu, nikakupa."

Akaendelea kunywa uji. Akameza. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulivyoingia tu nilijua. Pua yako mimi nimeipangusa miaka mingapi? Nilijua unaumwa."

"Sasa kwa nini ulikunywa?"

Binti yake aliacha kukunja nguo. Dada akaweka kijiko ndani ya kikombe, akanitazama kati ya vioo viwili, jicho moja tu naliona.

"Umekuja na mvua yote ile, umechuchumaa, umenionjea maziwa mbele ya uso wangu. Nikikataa, nimesema nini? Nimesema ndugu yangu ananipa sumu. Neno hilo mimi siwezi kulisema. Nikajiambia, nina sindano yangu mwilini, ngoja nione kama serikali ilinidanganya." Akapumzika kidogo. "Haikunidanganya sana. Kidogo tu."

Muuguzi akacheka. Binti yake akacheka huku anafuta machozi. Mimi sikuweza.

"Na wewe," akasema, "hutakanyaga tena nyumbani kwangu mpaka uchomwe. Nimekunywa kibuyu chako mara moja. Mara ya pili siwezi, nimezeeka."

Siku ya kumruhusu, daktari alitukalisha kwenye benchi la nje. Nikamuuliza kama mfugaji kwa mfugaji: sasa damu ya dada ikoje, na yangu ikoje? Akasema ya dada sasa imefundishwa mara mbili, kwa sindano, halafu kwa ugonjwa wenyewe, na kwa wazee mafundisho hayo mawili pamoja huwa na nguvu kuliko moja peke yake, na yanaijua hata ile sura iliyobadilika. Nikasema, basi watu waugue kidogo baada ya sindano, wamalize. Akanikazia macho.

"Usiende kuwaambia watu hivyo machimboni, Babu. Wanaoutafuta ugonjwa ili wapate kinga, wengine hawarudi kutueleza walichopata. Wewe umefundishwa na ugonjwa mara mbili na mara zote mbili ulikuwa unacheza kamari. Ukipona vizuri, uje uchomwe. Sindano kwa mtu aliyewahi kuugua huamsha damu kwa haraka, hata damu ya mzee. Na tutawaita tena baadaye. Damu nayo inazeeka, inahitaji kukumbushwa."

"Kama miguu na midomo," nikasema.

"Kama miguu na midomo."

"Na wewe utawanung'unikia vilevile," dada akadakia.

Nilichomwa nilipopona kabisa. Nilikunja mkono wa shati mwenyewe. Kweli ilikuwa kama siafu. Lakini jioni ile mwili ulichemka, viungo vikauma, mkono ukawa mzito kama nyundo ya kuvunjia mawe, na mke wangu akaanza kutafuta mwarobaini. Nikamzuia. Nikamwambia, acha, wanafanya kazi. Akaniuliza akina nani. Nililala nikiusikiliza mwili wangu kama mtu anavyosikiliza karasha likiwa mbali, anajua kwa mlio kwamba jiwe linasagika. Kesho yake nilikuwa mzima. Nikaingia zizini, nikasimama nikavuta harufu ya samadi kwa pua zote mbili, nikakaa nayo.

Machimboni nilizima mashine nikawaambia vijana. Ilikuwa ngumu kuliko kushuka duarani. Nikasema yale maneno ya ndigana niliwadanganya, nilikosea ugonjwa, na kosa langu nusura limuue dada yangu. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hereni tuitoe, Mzee?" Nikamrushia kofia. Lakini wenye wazazi wazee waliniuliza maswali baadaye, mmoja mmoja, pembeni, nikawajibu nilichojua na nisichojua nikasema sijui. Neno hilo, sijui, nilikuwa silitumii zamani.

Nikaenda Nyahanga kibuyu kikiwa kimejaa. Dada alikuwa amekaa barazani, madirisha ya chumba yote yamefunguliwa nyuma yake. Nikachuchumaa, nikamwamkia. Hakuitikia. Akanyoosha kiganja.

"Kadi."

Nikatoa kadi ya chanjo mfukoni. Akaipokea, akaishika juu chini, akaitazama kwa muda mrefu sana, mtu asiyejua hata herufi moja. Akausugua muhuri kwa kidole gumba, ule ule uliopangusa mdomo wa kibuyu.

"Wino hautoki," akasema. "Marahaba."

Akanirudishia. Nikafungua kibuyu, nikamwangalia.

"Unangoja nini? Onja."

Nikaonja. Nikameza. Nikangoja, nikangoja zaidi ya desturi, mpaka akapiga goti lake kwa hasira. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akanywa, funda refu la mtu mwenye kiu, kibuyu kimemziba uso, na nikaisikia pumzi yake ikipita puani, inaingia, inatoka, haikwami popote. Nilikaa pale chini nikaisikiliza mpaka maziwa yakaisha.